Uwanja wa Fundi Cherehani

Mtaani Mafiga siku hizi kila mtu ni ukuta na geti, kiasi kwamba kwenda kwa jirani wa nyuma unazunguka mpaka barabara kuu. Fundi cherehani peke yake ameacha uwanja wake wazi, watu wakatize. Ukipiga hodi anaitikia kwa kichwa, maana midomo imebana pini na vidole vimejaa chaki. Akizitoa pini ni kwa onyo moja tu: "Pita, ila mchicha wangu usiukanyage." Castory, bingwa wa maneno pale mtaani, hakuchoka kumtania: "Dada, fanya stendi kabisa, utoze ushuru."

Basi mvua ikateremka kutoka milima ya Uluguru, ikachimba barabara isipitike, na binti yake Castory akashikwa uchungu. Bajaji ya kumpeleka hospitali ikakatiza kwa fundi, ikakwama, kijia ni chembamba. Fundi akaacha cherehani, akaingia kwenye tuta lake la mchicha na jembe, akalisawazisha lote, akamwita dereva: "Pitisha gurudumu hapa, baba. Twende."

Jioni Castory akarudi kutoka hospitali, mama na mtoto salama, akaenda moja kwa moja kwa fundi. Mzee mzima, aliyemzidi fundi miaka tele, akainamisha kichwa: "Shikamoo."

Fundi hata hakushtuka. "Marahaba. Haya, mtoto kafanana na nani?"