Nguo za Mkono Mmoja

Methali zina tabia mbaya ya kumtoka mtu kabla hajatazama aliyekaa mbele yake. Jioni ile binti alikuwa akilalamika kwamba likizo yake ya uzazi inakwisha na kaunta ya supamaketi inamsubiri. Akashusha pumzi, akasema, "Ndiyo hivyo, mama, mkono mmoja haulei mwana." Hapo ndipo alipouona mkono wa kulia wa mama yake, umelala pajani hauna habari, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mama yake alikuwa msusi. Mtaa mzima bado ulimwita Msusi, ingawa kiharusi kilimpokonya ule mkono mwaka uliotangulia, na tangu hapo hakuna kichwa kilichokaa katikati ya magoti yake. Mguu kilimrudishia nusunusu baada ya mazoezi. Mdomo kiliupinda kidogo, kikauachia. Ubishi hakikuugusa kabisa.

"Usijiumeume," alisema Msusi. "Sema unachotaka kusema."

"Nataka kumpeleka mtoto kwa bibi yake mzaa baba."

Huko kulikuwa safari ya basi ya kutwa nzima. Binti angemwona mwanawe mwisho wa mwezi, tena akipata ruhusa. Mkwe, ambaye ni dereva wa lori na haonekani nyumbani ila kwa bahati, alikwisha kukubali kwa simu. Msusi alikuwa amepoteza kazi, wateja na umbea wao mtamu, akavumilia. Kumpoteza na huyu mjukuu hakuwa tayari.

"Kwani mimi nitashindwa nini?"

"Kumwogesha unaweza, kumlisha unaweza, nimekuona. Ni kumvalisha, mama. Jana ile suti iliwaliza nyote wawili."

Ni kweli, iliwaliza. Ilikuwa suti ya zawadi, ina koti, ina tai ya kipepeo, ina vifungo vidogo mithili ya punje za mtama. Kabati lote lilijaa nguo za namna hiyo: jinzi ngumu yenye mkanda, sweta lenye shingo ya kunyonga, ovaroli ya kufungiwa mgongoni. Mtoto mwenyewe alikuwa na miezi minne na shughuli yake kubwa ilikuwa kucheua.

"Mnamvalisha kama anakwenda kuhutubia," alisema Msusi. "Nipe mpaka siku utakayorudi kazini. Nguo nitamtafutia mimi."

Kesho yake akaenda kwa muuza mitumba aliyekuwa na meza pembeni mwa soko, mwanamume mnene, mcheshi, ambaye mkewe aliwahi kusukwa na Msusi. Akamwambia anataka nguo za mtoto zinazovalika kwa mkono mmoja.

"Mama yangu, hapa nauza kwa rangi na kwa saizi. Kwa idadi ya mikono sijawahi."

"Basi leo utajifunza. Kunja ngumi, weka mkono hapa mezani. Wewe ndiye mtoto."

Muuza mitumba akalaza mkono, ngumi ikawa kichwa. Msusi akaanza. Nguo yenye vifungo vya kubonyeza ilikuwa ya kwanza, nayo ilimdanganya kidogo, maana ilifunguka kwa kuvutwa tu. Lakini kuifunga kulitaka kidole cha chini na kidole cha juu, na asiyekuwa na cha chini inabidi abonyezee juu ya tumbo la mtoto. Akaitupa. Yenye zipu ikakataa kupanda bila mtu wa kuishika pindo. Alipoilazimisha ikauma vinyweleo vya muuza mitumba, naye akaanza kulia kama kichanga, "Nyaa, nyaa," mpaka wauza nyanya wakasogea kutazama. Msusi hakucheka. Yenye mkanda wa kunata ilifungika vizuri sana, ila alipoipitisha shavuni mwake ikamkwaruza, na kufunguka kwake kulikuwa na kelele ya kumwamsha mtoto aliyelala. Nayo akaiweka kando.

Jua lilikuwa limepanda na mguu mbovu umeanza kumlalamikia. Mwenye meza akamwambia kwa upole kwamba labda kitu anachokitafuta hakijashonwa.

"Kimeshonwa. Chimbua."

Chini kabisa ya fungu alilochimbua, Msusi akaokota kishati cha pamba kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama unga. Mabega yake hayakushonwa moja kwa moja. Kipande cha mbele na cha nyuma vilipishana tu, na shingo ikavutika ikawa pana ajabu.

"Hicho kimelegea, mama. Achana nacho."

"Ngumi sasa ni miguu," alisema Msusi. Akakishika kile kishati, akakipitisha kuanzia kwenye ngumi, kama anayevisha soksi, akakipandisha juu mpaka mabega yakakaa mahali pake. Hakuna kifungo, hakuna zipu, wala mtoto hafunikwi uso akapiga kelele. Akakivua, akakivisha tena. Kisha akamwambia mwenye meza amchambulie vyote vilivyolegea namna ile, pamoja na vile vigauni vya kulalia visivyo na suruali, ambavyo kubadilisha nepi ni kupandisha tu.

Vigauni ndivyo vilivyoleta maneno nyumbani.

"Mama, huyu ni mwanamume."

"Kama neno gauni linakukera, iite kanzu. Mume wangu huyu mdogo hajalalamika."

Binti akakaa ukingoni mwa kitanda. "Haya, mvalishe nione."

Mtoto akalazwa, akaanza kujinyonganyonga. Msusi akaupitisha mguu wa kwanza, wa pili ukachomoka, akaurudisha. Mkono wa mtoto ukakwama ndani. Binti akanyoosha mkono kusaidia.

"Usiguse."

Jasho lilimtiririka Msusi mpaka kidevuni. Alikibana kile kishati kwa kiwiko, akakivuta kwa vidole vilivyosuka vichwa vya mtaa mzima, na mwishowe mkono mdogo ukatokeza. Ilichukua muda mrefu, lakini mtoto hakulia.

"Tutajaribu," alisema binti. "Nikiona unaumia, anakwenda."

Binti akarudi kaunta, na Msusi akabaki na mume wake. Siku za mwanzo zilikuwa vita. Baadaye zikawa kazi, kisha zikawa mazoea, na kila alipomvalisha alimsemesha kama alivyokuwa akiwasemesha wateja: geuka kidogo, inamisha, hapo hapo. Mtoto akaota meno, akaanza kukaa, akaanza kutambaa. Kutambaa huko ndiko kulikomrudishia binti hofu. Siku moja ya mapumziko akaweka begi kitandani.

"Sasa ana mbio, mama, na amekuwa mzito. Nimeshaongea na mama mkwe. Kesho nampeleka."

Msusi akaketi ukingoni mwa kitanda. Alimtazama binti akimvalisha mtoto nguo za safari, na mtoto akijikunja, akijinyoosha, akitambaa mbio kuelekea ukutani na kishati kikining'inia shingoni.

"Umeona?" alisema binti akihema. "Mimi mwenye miwili ananishinda. Wewe utamweza vipi?"

"Nipe."

Msusi akakaa sakafuni, akakitanua kile kishati kwa mkono wake. "Haya, mume wangu. Mkono."

Mtoto akatulia. Akainua mkono wa kulia, akausukuma mwenyewe ndani ya mkono wa nguo mpaka vidole vikatokea. Akangoja. Alipoambiwa wa pili, akaleta wa pili. Kisha akainamisha kichwa, bila kuambiwa, ili shingo ya nguo ikae vizuri.

Binti alisimama amelishika begi.

"Nani kamfundisha?"

"Hakuna aliyemfundisha. Aliona nina mmoja, akaleta yake."

Binti akafuta macho kwa kiganja, akatafuta simu. "Shikamoo, mama. Samahani, kesho hatuji tena." Akasikiliza. "Hapana, haumwi, mzima kabisa. Ila amepata kazi huku."