Jiwe Lenye Ua, Nyumbani kwa Mwalimu Jenipher

Mwalimu Jenipher anafundisha jiografia katika sekondari moja ya huku kwetu Boko. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na ukuta wa tofali ambao fundi aliuacha bila plasta, na matundu hayakosekani. Mimi si mtu wa umbeya, lakini macho hayana pazia.

Kwao ni Machame, kaskazini. Mumewe, Albano, ni fundi wa madirisha ya alumini kule Manzese, mtu wa Masasi, kusini. Walipooana, wanakwaya wenzao walisema ndoa ile haifiki Pasaka. Imefika Pasaka nyingi, na baadhi ya waliosema wameshaachika wao. Mwalimu ni mwembamba, ana sauti ya darasani ambayo husahau kuiacha kazini. Akiomba chumvi dukani mtaa mzima unajua kwake chumvi imekwisha. Halafu ni mbishi. Ukimwambia mvua inakuja, atakuuliza umejuaje.

Alipopata ujauzito wa kwanza, mama mkwe wake, Bibi Margareta, alikuja kutoka Masasi kumwangalia. Mimba ikatoka ingali changa. Ya pili ilifika miezi mitano, nayo ikatoka, miaka miwili iliyopita. Bibi hakurudi kwao, maana kwao hakuna mtu tena: mume alishakufa na Albano ndiye mtoto wake wa pekee. Akabaki anapika kisamvu na kumnyooshea Mwalimu nguo za kazini kwa pasi ya mkaa, kwa sababu ya umeme anaiogopa. Hawakuwa na maneno mengi wale wawili. Lakini nilikuwa nikiwaona wanachambua mchele kwenye ungo mmoja, vichwa vimekaribiana, nikawaonea wivu, mimi ambaye mama mkwe wangu alikuwa akinikagua hadi masufuria.

Mwaka huu choo chao kilijaa, wakamwita Leodegar, mchimba mashimo, awachimbie jipya. Huku kwetu juu kuna udongo mwekundu ambao sululu inaumudu. Ukifika kama kimo cha mtu unakutana na jiwe gumu, hapo unaweka sululu unashika mtaimbo. Leodegar alikuwa akipasua jiwe hilo Jumamosi moja, bonge likafunguka, kikatoka kitu cha mviringo chenye ukubwa wa andazi. Mgongoni kilikuwa na ua la petali tano, limekaa vizuri kama nakshi ya fundi. Leodegar akapanda ngazi haraka, akakiweka chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mie nimechimbaga mashimo mpaka Bunju huko," alisema, "hiki sikishiki tena."

Siku hiyo alikuwepo Eliaichi, mama mdogo wake Mwalimu, aliyekuja kutoka Moshi kwa sherehe ya sendofu ya ndugu yao. Ni mzee wa kanisa, anaijua Biblia kuliko njia ya kwao. Alipokiona kile kitu alirudi nyuma kuliko hata Leodegar.

"Hii ni dawa imefukiwa," alisema. "Jeni mwanangu, hapa ndipo kizazi chako kilipofungwa."

Kisha akamgeukia Bibi Margareta, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Juzi nimekusikia ukimbembeleza fundi asogeze shimo. Ulikuwa unaficha nini? Na mara ile nilipokuja kumuuguza Jeni, mimba ya pili ilipotoka, nilikuona alfajiri nyuma ya nyumba una jembe. Sikusema kitu, nikasema labda anapanda mihogo. Mihogo iko wapi?"

"Kweli aliniomba nisogee," Leodegar alisema kwa sauti ndogo. "Nikasogea kidogo huku, mbali na mpapai ule."

Albano alikuna shingo. "Mama, sema kitu basi."

Bibi aliutazama ule mpapai, kisha akaangalia chini. "Mkiona nirudi Masasi, nitarudi," alisema. Akaingia ndani, na kwenye dirisha tukamwona anakunja kanga zake. Nilimhurumia. Arudi Masasi kwa nani?

Sote tukamtazama Mwalimu, maana neno lilikuwa lake. Na niseme ukweli, kukubali kulikuwa rahisi. Kizazi kilichofungwa na mtu kinaweza kufunguliwa na mtu mwingine, ukapata matumaini na wa kumchukia, vyote kwa pamoja. Kisichofungwa na mtu, utamlilia nani? Nilimwona Mwalimu anamtazama mama mdogo wake. Alilitaka jibu lile, nawaapia.

Lakini mbishi ni mbishi. "Leodegar, ulikitoa sehemu gani hasa?"

"Chini kabisa, Mwalimu. Ndani ya jiwe."

Akavua viatu, akashuka ngazi na gauni lake la Jumamosi. Mama mdogo akaanza kukemea pepo. Chini tulisikia nyundo ikigonga hapa na pale. Aliporudi juu alikuwa mwekundu kwa udongo hadi kwenye nyusi, na amebeba lile bonge lililopasuka. Akachukua kile kitu chenye ua, akakirudisha mahali kilipotoka. Kikaingia sawasawa, na ndani ya bonge petali tano zilikuwa zimeacha alama zake, kama kidole kwenye sabuni iliyolowa.

"Jiwe limegandia juu yake," alisema. "Na tazameni pembeni, haya ni makome, haya ni matumbawe. Hapa palikuwa bahari."

Ndipo nami nikashtuka. Ua lile nalijua. Nilikimbia kwangu nikachukua dirishani ganda jeupe ambalo binti yangu Raudha aliliokota ufukweni Kunduchi, jepesi kama ganda la yai. Nikaliweka kando ya lile la shimoni. Umbo halikuwa lile lile kabisa, moja bapa na jingine limevimba, lakini ua lilikuwa petali tano kwa petali tano.

"Ni jamaa wa ukoo mmoja," Mwalimu alisema, na sauti ya darasani ikarudi. "Mnyama wa baharini, anajichimbia mchangani. Huyu alikufa akafukiwa. Nyama ikaoza, mchanga ukajaa ndani ya ganda, maji yenye chokaa yakapita taratibu miaka na miaka mpaka vyote vikashikamana. Baadaye bahari ikarudi nyuma, udongo ukaja juu."

"Miaka mingapi?" Albano aliuliza.

"Hili lenyewe halijapimwa, siwezi kuapa. Ila matumbawe yakiwa hai hunyonya majini chembe za madini ya urani. Yakishakufa, ile urani inageuka kuwa kitu kingine kwa mwendo usiobadilika. Wataalamu wanapima iliyogeuka na iliyobaki, wanapata umri. Matumbawe kama haya ya pwani yetu, mengi waliyopima yamezidi miaka laki moja."

Mama mdogo hakukubali haraka. "Mtu si anaweza kuchimba akalizamisha?"

"Mama mdogo, tenga la nguo chafu nyumbani, za Jumatatu ziko wapi?"

"Chini."

"Na za Jumamosi juu. Ukitaka kuzamisha leso kule chini bila kutibua za juu, utaweza? Juu ya hili jiwe udongo umetulia, hauna mkato wa jembe. Hakuna mkono wa mtu uliofika pale." Akapumua. "Hakuna aliyenifunga. Ni mimba tu zilitoka."

Hilo la mwisho alilisema bila sauti ya darasani. Bibi Margareta alikuwa ametoka na mfuko wake, akasimama akisikiliza. Nikadhani yamekwisha.

"Lakini upande wa mpapai," Mwalimu aliendelea, "huku juu, kina cha mkono, pamechimbwa. Udongo mweusi na mwekundu vimechanganyika. Mama, ulichimba kweli. Ulifukia nini?"

Bibi aliweka mfuko chini. Akalishika pindo la kanga.

"Siku ile Albano alipokukimbiza hospitali ya Mwananyamala na bajaji," alisema, "mtoto alibaki na mie. Nikamwosha. Nikamfunga kwenye kanga yangu mpya, nikamzika pale, na alfajiri zilizofuata nikawa nasawazisha udongo kwa jembe. Kwetu mama haonyeshwi kaburi mpaka apate mwingine, asije akakaa analilia lile lile. Nikawa nangoja upate, nikuonyeshe." Sauti ilimkatika. "Hukupata. Nami nikashindwa kusema. Juzi nikamwomba fundi asogee, asimfukue."

Mwalimu Jenipher alikuwa hajawahi kuuliza. Aliniambia baadaye kwamba aliporudi kutoka hospitali akakuta sakafu imepigwa deki, akajua wamemtupa mtoto, na akaogopa kulisikia hilo neno likitoka mdomoni mwa mtu anayempenda. Miaka miwili alilala na neno hilo.

"Alikuwa mtoto gani?" aliuliza.

"Wa kike."

"Alikuwa na vidole?"

"Vyote, mwanangu. Nilivigusa kimoja kimoja."

Mwalimu akaenda mpaka chini ya mpapai na udongo wake wote mwilini, akakaa chini, akanyoosha miguu jinsi mfiwa anavyokaa. Bibi akakaa nyuma yake, akamwegemeza kifuani. Mwalimu alilia kwa sauti ile ile kubwa, na kwa mara ya kwanza mtaa haukuidharau. Albano alipiga magoti pale pale kwenye kifusi.

Mimi nilikwenda kwangu kuchukua mkeka. Majirani walipouliza pale barabarani nani kafariki, niliwajibu kwamba Mwalimu amefiwa na mwanawe, waje tukae naye. Hakuna aliyeuliza lini. Wakaja na kanga zao, mmoja na sukari, mwingine na mkaa. Niliporudi, Mama mdogo Eliaichi alikuwa jikoni kwa Bibi Margareta, macho mekundu, anabandika chai ya msiba.