Kauzi Kepesi kwa Kamba ya Nyuzi Nane

Siku yangu ya kwanza ya kazi sikuwa muvuvi, sikuwa hata muntu wa maji. Niliingia mu ateliye ya Masera, karakana ya kushona ya watawa wa kike, kule Masisi milimani, na mutoto mugongoni. Masera mukubwa wa ushoni akanitazama kutoka kichwa mpaka miguu, akaniuliza, "Unajua kufanya nini?" Nikamujibu, "Najua kusuka." Akaleta nyuzi nane za pamba zimefungwa ku musumari, akasema, "Basi, suka." Nikasuka. Alipoivuta ile kamba kwa mikono miwili ikakataa kukatika. Akaita mwenzake, wakavuta wote wawili, wakashindwa, mumoja akakaa chini bila kupenda. Siku ile ile wakaniandika mu kitabu cha wafanyakazi.

Kulikuwa vita kwa wazungu, na vitu vya Ulaya havikufika tena. Kambi moja ya migodi kule Walikale ilikuwa na wavuvi ku muto Lowa, na samaki zao njo zililisha wagonjwa wa dispansari. Kamba za duka zilikuwa zimeoza. Bwana Agent, muzungu mwenye kulinda magazeni, stoo ya kambi, akatuma bobini za uzi wa pamba kwa Masera, akaomba tumusukie kamba za kuvulia. Tulikuwa wanawake watano mu ile kazi. Wanne walisuka vizuri. Mimi nilisuka kuwapita, na sioni haya kulisema, maana hakuna mwengine atalisema kwa niaba yangu.

Vijana wananiuliza, "Mama Faida, kusuka na kusokota si ni kitu kimoja?" Ee, ninyi! Kamba ya kusokota unaiviringisha tu, nyuzi zinazungukana. Ukiitupa mu maji yanayokimbia, inajifungua, inajipinda, mwishowe inakuwa kama nywele za mugonjwa. Ya kusuka inashikana yenyewe: nyuzi ine zinaenda kuume, ine kushoto, kila moja inapita juu ya mbili, inaingia chini ya mbili. Hiyo inalala sawa mu maji. Kisha unaichemsha na maganda ya muti yenye rangi ya damu ili isioze, unaianika kivulini, na mwisho unaipaka nta ya nyuki kidogo kidogo na kitambaa. Kamba moja ya hatua makumi ine ilinikula siku tisa.

Mwaka haukuisha, Bwana Agent akaomba yule mwenye mukono mwema ahamie kambini, asuke na kutengeneza kule kule. Masera mukubwa akanitaja mimi. Tulienda kwa miguu, tukalala Kalembe, kisha tukashuka mu pori, mimi muntu wa milima nikitoka jasho mpaka ku visigino. Nikapewa ateliye ya mabati na nyumba ya chumba kimoja ya wafanyakazi. Ile nyumba, wacha niseme kwa nini niliipenda vile.

Bwana yangu alikuwa amekufa kwa homa, mutoto wetu Furaha akiwa bado ananyonya. Kufuatana na desturi ya ukoo wake, mudogo wake alipashwa kunichukua niwe muke wake, mimi na mutoto. Shemeji hakuwa muntu mubaya, lakini alikuwa na wake wawili, na mimi sikumutaka. Nilikataa mbele ya wazee. Wakasema: sawa, akae na kazi yake, maana kazi inamulinda, siku kazi itaisha, arudi, na mutoto arudi. Shemeji mwenyewe akaniambia akicheka, "Mama Furaha, miye sina haraka. Kazi ya wazungu haifiki mbali." Njo vile nilivyoishi. Kila kamba niliyosuka ilikuwa inanizuilia mulango, Shemeji asiingie.

Sasa, ku Lowa kamba zangu zilianza kufa. Ule muto una mawe mengi chini. Muvuvi anafunga jiwe la uzito karibu na mwisho wa kamba, ndoano mbele yake, anatupa, anangojea. Ndoano ikiingia kati ya mawe mawili, haitoki. Na kamba yangu haikatiki! Wanaume watatu walivuta, wanne walivuta, mwishowe wakaikata kwa panga pale walipofika, na yote iliyobaki mu maji, kazi yangu ya siku tisa, ikaenda. Halafu wakati wa jua, maji yakiwa meupe, samaki ziliona ile kamba nene ya rangi ya damu, zikageuka, zikaenda zao. Kapita, musimamizi wa wavuvi, muzee murefu mwenye sauti ya ngoma, alikuja ateliye akaniwekea mezani kipande cha kamba.

"Mama, hiki njo kimebaki."

"Kwa nini mumekata kamba yangu?"

"Ulitaka tukate muto?"

Nilikasirika siku mbili. Na wajua nilichofanya? Nikaongeza nyuzi. Nikasuka za kumi, za kumi na mbili. Niliona kamba ikishindwa, ni kwa sababu haijawa na nguvu ya kutosha. Kujivuna kunaziba macho, jamani. Zile nazo zikabaki mu mawe, na zilikula pamba mara mbili. Siku bobini ya mwisho ilipoisha, Bwana Agent akaniita mu biro, ofisi yake. Alikuwa muntu mufupi, hakupiga kelele, na hiyo njo iliogopesha.

"Faida, kamba ngapi zimebaki?"

"Sita, Bwana."

"Pamba ingine haitakuja karibuni. Juma hili, mukipoteza hata moja ya zile sita, nafunga ateliye. Wagonjwa watakula maharagi, na weye utarudi Masisi."

Nilitoka pale upesi. Habari mu kambi haina miguu lakini inakimbia. Nilijua itafika milimani kabla yangu.

Nilipita mbele ya dispansari nikiwa nalia wazi, bila kujificha. Pale chini alikuwa amekaa mama mumoja wa pori, jina lake Mama Sifa, aliyemuleta bwana yake mugonjwa. Alikuwa anasokota nyuzi za ganda la muti ku paja: mukono unashuka, uzi unatoka, mwembamba, rangi ya maji ya muto yenyewe. Akaniuliza kwa nini nalia. Nikamwelezea yote. Akaomba kuona kamba yangu. Akaivuta, akapiga ulimi.

"Iko nguvu sana. Na ndoano unaifunga wapi?"

"Pale pale, ku mwisho wake."

Mama Sifa akacheka mpaka akaacha uzi. Nikamunyang'anya uzi wake, nikauzungusha ku vidole, nikavuta, ukakatika. Nikamwambia, "Na hii yako? Ona, inakatika."

"Dada, nataka ikatike. Ndoano ikishikwa na jiwe, miye napoteza kipande cha urefu wa mukono mumoja, nasokota kingine kabla chakula kiive. Weye unapoteza kamba yote na unalia njiani. Nani mujinga kati yetu?"

Nilitaka kumujibu vibaya. Mimi, mwenye kamba iliyoangusha Masera chini, nifunge kitu dhaifu mbele yake kwa kusudi! Lakini nilikaa chini karibu naye, nikakunja kitambaa juu ya goti, nikamwambia, "Nifundishe." Jioni ile paja langu liliwaka moto. Wavuvi waliona ule uzi wakauita kauzi, na Kapita akauliza kama nilikuwa naenda kuvua inzi.

Siku ya tano ya juma tulishuka Lowa, na nani nakuta amekaa juu ya jiwe, na fimbo yake na kikapu cha safari? Shemeji. Habari ilikuwa imefika. Akanisalimia vizuri kabisa, "Wamesema weye utahitaji muntu wa kukubebea vitu." Nikakaza kitambaa cha mutoto. Furaha alikuwa amelala mugongoni, hajui kitu.

Kapita akafunga kauzi, na ndoano ku mwisho wake, ku kamba zote sita, vile nilivyomuonyesha: kamba inafanya pete ndogo, kauzi kanapita ndani, kanajizungusha juu yake mwenyewe mara tano, unavuta polepole. Wakatupa. Hakuna hata muda wa kupiga chafya, kamba ya kwanza ikapigwa kwa nguvu, samaki munene. Kapita akavuta... kamba ikarudi nyepesi. Kauzi hakakukatika. Kalichomoka, fundo zima lilikuwa limeteleza. Ya pili, vile vile! Bwana Agent, aliyekuwa amesimama juu na kofia yake, akatazama saa. Shemeji akafunga vizuri kikapu chake.

Nikachukua mwisho wa kamba, nikaupitisha mu vidole. Laini. Unang'aa. Ee Mungu! Nta yangu. Ile nta niliyopaka kwa mapendo mpaka ncha ya mwisho, ili wazungu waone urembo, njo iliyofanya fundo liteleze.

"Kapita, leta zote sita inje!"

"Mama, samaki ziko hapa sasa hivi..."

"Zitangojea! Leta majivu na maji ya moto!"

Sijui nilipata wapi sauti ile. Kapita mwenyewe alikimbia. Tukachota majivu ya moto wa wavuvi, tukasugua mwisho wa kila kamba, urefu wa shibiri moja tu, mpaka pamba ikatoka kavu na mbaya, nywele nywele, ya kuniletea haya. Nikalowesha kauzi mu kinywa changu, maana uzi mukavu unadanganya: unafikiri umekaza, kumbe bado. Nikafunga mafundo yote sita mimi mwenyewe. Mara saba kuzunguka, si tano. Nikasema, "Tupeni."

Ya tatu ndiyo ilipigwa kwanza. Kapita hakuvuta kwa ukali. Alimwacha samaki akimbie, kamba nene inapita mu mikono yake taratibu, kisha anairudisha, kisha anamwacha tena. Kauzi kepesi kanakufundisha adabu: ukivuta kama muntu mwenye njaa, unakosa. Samaki alipotokea juu ya maji, wavuvi wote wakapiga kelele. Kambale mweusi, kichwa kama sufuria, ilibidi wanaume wawili wamushike. Halafu ya kwanza, halafu ya sita, samaki za magamba zilizokuwa zinatukimbia mwezi muzima. Wakati nilipokuwa nacheza pale ku ukingo na mutoto mugongoni, muvuvi mumoja akaita, "Ya ine imeshikwa na jiwe!"

Bwana Agent akashuka mpaka ku maji, viatu vyake vikalowa. Kapita akanitazama. Nikasema, "Vuta kwa nguvu yako yote." Akavuta. Kamba ikakaza, ikatoa maji kama inatoka jasho. Kisha, tak! Kapita akaanguka nyuma na matako, na kamba yangu ya nyuzi nane ikarudi hewani nzima, na fundo ku mwisho, na kakipande kadogo ka kauzi kakining'inia. Sijawahi kupenda kitu kilichokatika vile.

Bwana Agent akaipima kwa mukono, hatua kwa hatua, kisha akahesabu kamba zote. Akasema, "Sita." Kisha akavua kofia, jambo ambalo kambini hakuna aliyewahi kuliona, akaniuliza, "Hiki kitu kinaitwa namna gani kwenu?"

"Kinaitwa kauzi ka Mama Sifa, Bwana."

Ikaandikwa vile vile mu kitabu cha magazeni, na Mama Sifa akaajiriwa ateliye pamoja na mimi. Shemeji tulimupikia kichwa cha kambale, akala vizuri, akalala kwa Kapita, na asubuhi akarudi milimani na kikapu chake kitupu. Nilimusindikiza mpaka ku njia. Nilimushukuru kwa kuja kunibebea vitu.

Baada ya vita, pamba ilirudi, na kisha ikaja nailoni, uzi wa kioo. Watu wakasema kazi ya Mama Faida imekwisha. Haikwisha hata kidogo. Walifunga nailoni moja kwa moja ku kamba ya kusuka, ikateleza kupita hata nta, wakaja kunitafuta. Shefu, mukubwa wa kazi ya uvuvi, alinituma mu maziwa ya karibu na Mweso kufundisha fundo la mara saba, kisha Kirotshe, ku ziwa kubwa. Kule wanaume wazima wenye ndevu walikaa chini mbele yangu na kulowesha uzi mu kinywa kama watoto. Mara ingine nilikutana na muvuvi mwenye kiburi, anaweka ku mwisho uzi munene kuliko kamba yenyewe. Huyo sikumupigia kelele. Nilimwacha apoteze kamba moja, kisha tukazungumuza.

Nilitoka kazini macho yalipochoka kuhesabu nyuzi nane. Vijana, mukinipita na kamba zenu za duka, fanyeni vile ninavyowaambia: kamba ya mukononi iwe ya nguvu, ya mwisho iwe nyepesi, na fundo likazwe likiwa na maji. Kwa miaka yote ile niliishi mu nyumba ya kazi, kisha mu nyumba niliyojijengea, na hakuna muntu aliyesimama mulangoni kuniuliza niko wa nani. Siku Furaha alipoposwa, wazee wa ukoo wa baba yake walikuja wote, Shemeji naye akiwa muzee mwenye mvi. Wageni waliokuja kuposa wakauliza, kama inavyoulizwa, "Mutoto huyu, tuongee na nani juu yake?" Wanaume wakatazamana, maana kwa desturi neno ni la ukoo wa baba. Shemeji akanyoosha fimbo yake kwangu, akasema, "Ongeeni na mama yake. Yeye njo alimulea."