Miguu ya Limi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo sijaisahau. Ni siku tuliyompeleka hospitali Limi, mtoto wa dada yangu Kabula. Nilikuwa msichana tu, nakaa kwa dada huko Igoma nikimsaidia kazi za nyumbani. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, viwanda vya samaki vinaota kandokando ya ziwa, na sangara wetu akapata bei akawasahau waliomvua. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tukabakiwa na mapanki, yaani kichwa na mifupa inayosalia kisu kikishapita. Na kisu chenyewe alikishika shemeji yangu Masanja, mume wa dada. Kazi yake ilikuwa kukata minofu kiwandani.

Limi alikuwa hajafikisha miaka miwili. Dada alipopata mimba nyingine akamwachisha ziwa mara moja, kwa kuwa kwetu ilisemwa maziwa ya mjamzito ni sumu. Mtoto akawa analishwa ugali wa muhogo uliochovywa kwenye mchuzi wa mapanki. Nyama kidogo iliyoshikilia mifupa ilikuwa ya baba, maana ndiye mtafutaji. Kuku walikuwepo uani, wanataga, lakini mtoto akila mayai atakuwa mwizi, si ndivyo mlivyosikia hata ninyi? Basi mayai tukayauza, mwizi tusimpate.

Mashavu yakajaa. Majirani wakamsifu dada kwa kulea. Kisha miguu ikavimba, nywele zikawa nyekundu na nyepesi, na mtoto akaacha kucheza. Hapo ndipo mama yake Masanja alipovuka kwa kivuko kutoka Sengerema kuja kumwona mjukuu. Alimtazama mara moja tu.

"Huyu kabemendwa," akasema.

Mwanangu, neno hilo huenda wewe unalicheka. Mtoto hudaiwa kubemendwa pale mzazi anapotoka nje ya ndoa huku mtoto bado mdogo, eti uchafu wa zinaa ukamdhoofisha. Baba naye aweza kubemenda, lakini likishatamkwa anayeulizwa ni mama. Masanja akataka jina la mwanamume. Dada hakuwa na jina la kumpa, akapigwa hivyohivyo akiwa mjamzito. Tangu hapo hakwenda tena kliniki kumpima mtoto, akiogopa macho ya wanawake kwenye foleni. Alimfungia Limi ndani na kumfunika miguu kwa khanga. Mficha maradhi kifo humuumbua, wamesema wahenga, lakini usimlaumu dada yangu. Wewe usingeficha?

Mtoto alipokataa hata uji ndipo Masanja alipokubali twende hospitali. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, sauti yake imechoka.

"Shikamoo, mama," Masanja akamwamkia.

"Marahaba. Anakula nini huyu?"

"Anakula vizuri tu, mama. Ugali anashiba. Ila huyu mama yake ndo kambemenda."

Muuguzi akabonyeza mguu wa Limi kwa kidole gumba. Alipokitoa, shimo likabaki palepale.

"Hii ni kwashakoo. Wewe baba unafanya kazi gani?"

"Nakata minofu, mama. Kiwandani."

Yule mama akatueleza polepole. Mwili hujengwa kwa protini, akasema, na protini ni vipande vidogo vilivyoungana, vinaitwa asidi amino. Vipande vingine mwili hujitengenezea wenyewe. Vingine hauwezi, lazima viingie kwa mdomo, na kimoja kikipungua ujenzi hukwama, kama mtunga shanga aliyeishiwa nyekundu: nyeupe alizonazo tele hazimsaidii. Samaki, dagaa, mayai na maziwa vina vyote. Mahindi hupungukiwa vingine na maharage huvijaza, ndiyo maana bibi zetu walipika kande. Muhogo hutia nguvu, lakini vya kujengea mwili karibu hauna. Na damu ikikosa protini haiwezi kuyashika maji yake. Yanavujia mwilini, nasi tunaona mtoto kanenepa.

Akamgeukia Masanja. "Unamtafuta mwanaume ambaye hayupo. Huyu mtoto kakosa samaki. Na samaki unamshika wewe kutwa nzima."

Limi hakurudi nyumbani. Tulikuwa tumechelewa mno.

Msibani mama mkwe akalirudia neno lake mbele ya wanawake wote. Nikamtazama Masanja. Alikuwa ameketi na wanaume, karibu kiasi cha kusikia, na ukweli alikuwa ameambiwa kwa masikio yake mwenyewe. Akainamisha kichwa. Kusema mke wangu hana kosa kungemlazimu aseme pia kwamba mwanawe amekufa kwa kukosa samaki, na yeye mkata samaki. Akaona afadhali awe mume aliyesalitiwa. Dada akarudishwa kwetu na mimba yake, na mpaka leo wapo wanaosema Kabula alimuua mwanawe. Kanisani wanatufundisha kusamehe saba mara sabini. Mimi kwa Masanja hata moja bado.

Basi nisikilize, mwanangu. Tumbo kujaa si mwili kulishwa. Mtoto akiachishwa ziwa msagie dagaa kwenye uji, mpe yai, mpe maharage, na kipande cha samaki akipate kabla baba hajanawa mikono. Usisifie mashavu, tazama na miguu. Ukiibonyeza ukaona shimo, kimbilia hospitali siku hiyohiyo, wanaotaka kusema wabaki wakisema. Na ukimsikia mama anasingiziwa, nawe unaujua ukweli, useme, hata kama ukweli huo utakuvua nguo wewe.

Mungu akujalie watoto, mwanangu, akujalie na cha kuwalisha. Na siku ile ambayo neno lako moja litatosha kumwokoa mtu, asikuache uinamishe kichwa.