Kaswende Haitibiwi kwa Uwakilishi

Siku yangu ya kwanza kazini, zahanati ya Pande, Mganga Mfawidhi aliniuliza kaswende inatambulikaje. Nikamwaga yote niliyofundishwa chuoni, bila kupumua. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Vizuri, Sista," akasema. "Sasa ujue na hili. Kidonda chake hakiumi, na kinapona chenyewe. Wengi hawatakuja kukuonyesha. Watakwambia walishapona."

Nilikuwa muuguzi mkunga kijana, na mjuaji kweli kweli. Yule mganga mzee ndiye aliyenifunza kazi: kumtoboa mama mjamzito kidole, kudondosha tone la damu kwenye kipimo cha haraka, kusubiri mistari, kisha kuuliza kama penisilini imewahi kumdhuru kabla ya kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Penisilini ya benzathine ni nzito, huchomwa makalioni polepole, na inauma. Usimdanganye mtu kwamba haiumi. Lakini inaua bakteria wa kaswende, na ikiwahi inamwokoa hata mtoto aliye tumboni. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, sibahatishi.

Kutoka Pande nilihamishiwa Kilwa Kisiwani. Huko akaja kliniki Mwanahawa, mwenye mimba ya tatu. Watoto wawili wa mwanzo walizaliwa wamekufa. Mama mkwe alisema tumbo lake lina jini, na mume wake Saidi, mchuuzi wa pweza, akawa anayarudia maneno hayo barazani. Mke mwingine alikwishaanza kutafutwa. Nilipompima, kipimo kikaonyesha kaswende.

"Hii inatibika, na tunaanza leo," nilimwambia. "Ila na mumeo atibiwe, asije akakuambukiza upya."

"Sista, nikimwambia nina ugonjwa wa zinaa, ananiacha leo leo!"

"Basi mwambie kliniki inawataka nyote wawili, kama tunavyowaita waume wote. Mengine tutayasema pamoja, ukiridhia."

Saidi alikuja shingo upande. Naye kipimo kikamkamata. Kwa ridhaa ya mkewe nikawaeleza wote. Saidi akajinyoosha kitini.

"Si yeye kashachomwa sindano? Basi inatosha. Mtu na mkewe damu yao moja."

"Mbona ukila wewe pweza, yeye hashibi?"

Mwanahawa akacheka. Mumewe hakucheka.

"Kwa hiyo kaleta yeye?"

"Kipimo hakisemi nani kaleta, Saidi. Kinasema dawa mnahitaji wote."

Nikamwomba Mwanahawa atupishe kidogo, kwa sababu kuna maswali mwanamume hayajibu mbele ya mkewe. Nikamuuliza kama aliwahi kupata kidonda sehemu za siri, kisichouma.

"Ah, kile? Kilipona, muda mfupi kabla sijaoa. Kuna mganga wa kienyeji alinipa unga wake, mkali huo!"

"Hata angekupa unga wa muhogo, kingepona vilevile. Kidonda huondoka, bakteria hubaki mwilini."

Akaanza kuhesabu miaka kwa vidole. Nilimwonea huruma, nakiri, ingawa dakika chache nyuma nilitamani kumzaba kibao.

"Sista, wale watoto wangu wawili..."

"Inawezekana kabisa. Siwezi kukuapia, lakini inawezekana."

Akainuka, akafungua mlango mwenyewe. "Mwanahawa, njoo. Si jini. Ni mimi."

Mwanahawa alilia hadi nikamkalisha. Saidi alichomwa siku ile, na wote wakamaliza sindano zao za kila wiki bila kukosa. Nikasikia amekwenda kumwambia mama yake, na barazani pia. Mtoto alizaliwa mikononi mwangu, wa kike, analia kwa nguvu.

Niliishia hospitali mjini Lindi, na sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Mtanda, hapa hapa mjini. Wauguzi vijana hupita kunisalimu, wakitaka niwape siri ya kazi. Nawaambia hakuna siri. Pimeni kila mama mapema, tibuni wote wawili, na mkishatoa majibu msikimbilie mgonjwa anayefuata. Kazi hii niliijua, niliipenda, na siionei aibu hata chembe.

Mwanahawa huja mjini mara kwa mara. Zamani akiulizwa ana watoto wangapi, aliinamisha kichwa akabadili mazungumzo. Majuzi jirani yangu alimuuliza, nami nikiwa nimekaa hapo hapo.

"Watatu," akajibu. "Wawili wako kwa Mungu."