Maji Niliyoyaacha Ndani ya Mashine

Nyumbani Mombasa adui wa injini ya boti alikuwa chumvi. Ukirudi kutoka baharini unafungua mfereji, unaisuuza mashine kwa maji matamu, unaonja yale yanayotoka mpaka ulimi usikute chumvi. Fundi aliyenifundisha alikuwa akionja kweli, kama mpishi. Kwa hiyo dada yangu aliponipokea Bowie, mji wa ng'ambo karibu na ghuba ya Chesapeake, na mumewe akanionyesha boti iliyokaa kwenye trela kando ya nyumba, nilijiona nimefika mahali ambapo mikono yangu ina kazi.

Shemeji alikuwa mtu wa Tanga, mfanyakazi wa ofisi ya serikali, anayetoka na gari alfajiri ili asinaswe na foleni. Boti ilikuwa kuukuu, ya watu sita, na aliitamani miaka mingi kabla ya kuipata. Yeye ndiye aliyeniandikia barua ya mwaliko, na katika chumba cha chini ya nyumba yake ndimo nilimolala. Mwishoni mwa Oktoba aliniambia, "Fundi, baridi inakuja. Iandae ilale salama. Mimi sijui hata bolti inafunguliwa upande gani."

"Niachie mimi, shemeji."

Boti ya namna ile injini yake imo ndani, nyuma ya viti, kama ya gari. Nje, nyuma kabisa, gia na propela zimo katika kitu kimoja tulichokiita mguu. Mguu ndio unaovuta maji na kuyapandisha kupoza injini. Ukishaelewa hilo umeelewa nusu ya kazi, kwa hiyo usitishwe na wingi wa mipira na nyaya.

Nilianzia mguuni. Nilifungua skrubu mbili, ya chini na ya juu, nikaacha oili ya gia ichuruzike kwenye beseni la zamani la dada. Ikitoka nyeupe kama maziwa, ujue maji yamepenya; ile ilitoka nyeusi, salama. Oili mpya husukumwa kutoka tundu la chini, polepole, mpaka itokeze la juu. Ukimimina kutoka juu, hewa hunaswa ndani. Nikatoa propela na kupaka grisi shafti yake. Nikakagua mpira wa mikunjo unaozuia maji yasiingie botini. Mwisho nikavika vikombe vya mpira kwenye matundu ya mguu yanayovuta maji, nikaunganisha na mpira wa kumwagilia bustani, nikawasha. Maji matamu yalipita ndani ya injini ile karibu saa nzima. Nikaonja. Hakuna chumvi. Nikapuliza oili ya kulinda kwenye kabureta mpaka injini ikakohoa moshi mweupe na kuzima, kisha nikafunika turubai.

Shemeji aliporudi aliizunguka mara mbili. "Inanukia kama bibi harusi," akasema.

Mwezi mmoja baadaye nilimwona jirani, mzee mstaafu, amepiga magoti kwenye ukuta wa nyumba yake akifunga mfereji wa nje na kumwaga maji yaliyobaki. Kulikuwa kumepita siku tatu za baridi ambayo sikuwahi kuijua. Nyasi zilivunjika chini ya viatu. Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha kukwama, mbona anahangaika na mfereji asioutumia. Akanijibu kwa upole kwamba maji yakiganda hutanuka, na bomba hupasuka.

Nilikuwa najua. Mtoto yeyote wa Mombasa aliyesahau chupa ya soda kwenye friza anajua. Ila nilikijua kitu hicho kwa friza tu. Haikunijia kwamba uwanja mzima, pamoja na boti, ungeweza kuwa ndani ya friza.

Nilikwenda nikainua turubai. Ubavuni mwa bloki, yaani chuma kikubwa chenyewe cha injini, kuna kizibo cha kumwagia maji, na upande wa pili kuna kingine. Nilifungua cha kwanza. Kizibo kilitoka mkononi, lakini halikufuata hata tone. Nikatia waya ndani ya tundu. Waya ukagonga kitu kigumu.

Dada alikuwa jikoni. Nilimweleza nikiwa bado na koti mwilini.

"Imepasuka?" akauliza.

"Sijui. Ufa hauonekani. Lazima barafu iyeyuke, kisha nipitishe maji niwashe, na kwa baridi hii haiwezekani."

"Sasa kama hujui, utamwambia nini? Mtu anarudi kachoka, furaha yake ni hiyo boti tu. Ngoja uwe na hakika, mdogo wangu. Huenda imepona."

Nilifurahi kuambiwa hivyo. Furaha ile naikumbuka kwa aibu kuliko barafu yenyewe.

Siku ya kwanza yenye joto kidogo, shemeji akiwa kazini, nilimwaga maji yaliyokubali kutoka. Nikafunga vizibo, nikarudisha turubai kama lilivyokuwa, hata fundo la kamba nikalifunga vilevile.

Ramadhani mwaka ule iliangukia katikati ya baridi. Magharibi iliingia mapema, na Jumamosi na Jumapili shemeji alikaribisha watu. Tende, uji, mbaazi za nazi. Dada alipika kama yuko kwao. Shemeji alizoea kunishika bega mbele ya wageni.

"Watu wa Mombasa maneno mengi," alikuwa akisema, "lakini huyu ana mikono. Boti yangu imelala kama mtoto."

Wageni walicheka. Mimi nilitazama uji. Baada ya kula alikuwa akikunjua ramani ya ghuba ya Chesapeake juu ya meza, na kwa kidole kuwaonyesha atakapokwenda Aprili. Kila jioni nilijiambia nitamwambia kesho, na kila jioni ilikuwa vigumu zaidi kuliko ya jana, kwa sababu sasa nilipaswa kueleza pia zile jioni zilizopita.

Aprili tulitoa turubai. Nilivika vikombe, nikafungua maji. Injini iliwaka mara ya kwanza, na kwa pumzi chache niliamini nimesamehewa. Kisha nikaona mstari mwembamba wa maji ukishuka ubavuni mwa bloki, kwa utulivu, kama jasho. Nikazima. Shemeji mwenyewe alivuta kijiti cha kupimia oili. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Hakupandisha sauti. "Ulijua?"

"Nilihofia."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Dada alikuwa mlangoni. "Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze," akasema.

"Wewe tutazungumza ndani." Alifuta kijiti kwa kitambaa, akakirudisha mahali pake taratibu, kana kwamba bado kilikuwa na kazi. "Chuma ni chuma. Ungekuja Novemba, ningekasirika siku mbili. Lakini mwezi mzima umefuturu mbele yangu, nakusifu mbele za watu, nawe unanitazama."

Hakunifukuza, lakini tangu siku hiyo hakuniita tena fundi. Mwezi wa Mei nilihamia Columbia Heights, mtaa wa jiji jirani, katika chumba nilichoshirikiana na wengine.

Oktoba nilirudi Bowie bila kuitwa. Boti ilikuwa palepale, majani makavu yamejaa juu ya turubai. Injini ilikuwa imekufa na maji ya Aprili yangali ndani yake, ila mguu ulikuwa mzima na mtu angeweza kuununua. Nilikuwa na ndoo, spana na waya.

Shemeji alitoka akiwa na koti, mikono mfukoni.

"Nani kakuita?"

"Hakuna."

"Imekufa hiyo. Unaiosha maiti?"

"Mguu haujafa, shemeji."

Hakuondoka. Nilifanya kazi nikimweleza kila hatua. Mguu huachwa umeshuka, si umeinuliwa kama tulivyozoea kwetu, ili maji yajitoe yenyewe. Nikamwonyesha skrubu ya juu ambayo spana yangu iliteleza na kuikwaruza. "Hapa nimeharibu kidogo," nikasema. Akainama akatazama.

Kisha nikapanda ndani, naye akapanda nyuma yangu. Nilifungua kizibo cha bloki. Maji yalitoka mekundu kwa kutu, yakapungua, yakakatika.

"Yamekwisha?" akauliza.

Mwaka uliotangulia ningesema ndiyo. Kutu na mchanga huziba tundu, na maji yanayokatika mapema yanaweza kuwa yamejificha nyuma yake.

"Sijui," nikamwambia. "Ngoja nitie waya."

Nikatia waya, nikauzungusha, na maji mengine yakaja, mengi kuliko ya kwanza. Shemeji alikinga kiganja chini yake mpaka yakaacha.

Hakunialika ndani. Nilipokuwa naosha mikono kwenye mfereji wa nje, alikuja akaufunga, akamwaga maji yaliyobaki.

"Mwakani piga simu kwanza," akasema. "Usinivamie."