Korosho Ndani ya Kibanda cha Mlimani

Mimi na kupanda mlima wapi na wapi? Mtu wa Mtwara, ngazi za benki tu zinanitoa jasho! Nilikwenda kwa sababu moja: wifi yangu, dada wa mume wangu, naye alikuwa anakwenda. Miaka mitatu ya ndoa mimi namwita wifi, yeye ananiita "mwalimu", utadhani nimekuja kumsahihishia madaftari. Iliniuma, sifichi. Nikaapa: hatushuki mpaka aniite wifi.

Siku ya pili mvua ikatukamata. Tukajifungia watatu, mimi, yeye na mume wangu, kwenye kibanda cha mbao cha wapanda mlima, chenye jiko la kuni na dirisha moja. Buti zangu zilizojaa maji niliziacha nje, chini ya dirisha. Wifi kajikunyata, kanuna. Nikakumbuka silaha yangu: korosho mbichi na maganda yake, kutoka shamba la mama kule Mpapura. Nani wa kusini atanuna mbele ya korosho za moto?

Sasa, kila mtoto wa Mtwara anajua korosho huchomwa nje, upepo ukiwa mgongoni na mchanga karibu. Ganda lina mafuta, likishika moto halina adabu.

"Mke wangu, humu ndani?" mume wangu akauliza.

"Kidogo tu, za kuonja." Kiherehere changu, jamani!

Kikaango kikalipuka. Moto uliruka nusura unilambe nyusi, moshi mweusi ukajaa, macho yakawasha. Mume wangu akakimbilia mlango, kumbe kaingia stoo ya kuni, mlango ukajifunga nyuma yake, akawa anapiga kelele, "Nimetoka! Nimetoka!" Niliogopa kwelikweli. Ndipo nikasikia sauti ndani ya moshi:

"Wifi! Mchanga! Wifi, mchanga uko wapi?"

Mchanga, mlimani kule! Mimi moto nikausahau, nikabaki nimesimama nacheka na machozi yananitoka.

"Umeniitaje?"

"Hebu nipishe huko, mjinga wewe!" Akashika kikaango kwa kanga yake, akamimina moto wote dirishani.

Tulipotoka tukakuta korosho zimezimikia ndani ya buti yangu ya kushoto. Wifi alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Tukazibangua kwa jiwe, tukala, midomo myeusi tii, na mume wangu tukamfungulia baadaye.

Nilishuka mlima na ndala, vidole vimekufa ganzi, roho kwatu.

Tuliporudi nyumbani Chikongola, wifi alijitetea kwamba ulimi uliteleza kwa sababu ya moshi. Haya. Siku hizi "mwalimu" ikimponyoka, namuuliza palepale dukani kwake, mbele za watu:

"Nikuchomee korosho?"

"Hapana, wifi," anasema haraka. "Hapana, wifi yangu."